Je, ni la leo au la kesho?

Nimekulia Tengeru, karibu na Arusha, jirani na gulio ambalo mama yangu amekuwa akiuzia maparachichi kila Jumatano na Jumamosi tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo nilipokaa Lyon, Ufaransa, kwa miezi mitatu ya mafunzo, mahali pa kwanza nilipotaka kupajua palikuwa sokoni.

Soko la Saint-Antoine hupangwa kando ya mto Saône, chini ya miti, kila asubuhi isipokuwa Jumatatu, na ifikapo saa saba mchana wauzaji huwa wameanza kukunja meza. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nichukue tikiti, yale madogo yenye nyama ya rangi ya chungwa, na muuzaji akanizuia kwa upole. Huko mteja habonyezi matunda. Muuzaji ndiye anayechagua. Alinisalimu kwanza, "Bonjour", akangoja niitikie, jambo lililonifariji kwa sababu hata kwetu hakuna anayeuliza bei kabla ya salamu. Kisha akaniuliza: je, ni la leo au la kesho? Nilipomjibu kwamba nitalila kesho jioni, alinyanyua tikiti moja, akalinusa kitako, akabonyeza pembeni mwa kikonyo kwa kidole gumba, akalirudisha, akachukua jingine. Kesho yake jioni nililipasua, nikakuta limeiva barabara.

Swali hilo nililisikia tena kwa muuza jibini. Saint-Marcellin ni jibini dogo la duara la maziwa ya ng'ombe, linaloenea kiganjani, na mezani pake yalikuwapo ya umri tofauti, kuanzia magumu kidogo hadi yale yanayotiririka ukiyakata, hivyo bila kujua siku ya kuliwa asingeweza kunichagulia. Jirani yake aliuza kuku wa Bresse, ambao jina lao linalindwa kwa sheria tangu 1957: manyoya meupe, kilemba chekundu, miguu ya buluu, rangi zilezile za bendera ya Ufaransa.

Bei zote huandikwa kwenye vibao na hakuna kupatana. Nakiri kwamba nilitamani sana kupatana bei, kwa kuwa kwetu kupatana huko ndiko kunakozaa mazungumzo na ujirani. Hata hivyo, mazungumzo yapo, ila yamehamia jikoni: utaipikaje, utaila na nini, mko wangapi. Nilizipenda zaidi meza zenye kibao cha "producteur", yaani anayeuza ndiye aliyelima, kwa kuwa ninajua mkulima wa Meru hubakiwa na kiasi gani baada ya dalali kupita.

Niliporudi nyumbani nilikaa na mama gulioni Jumamosi nzima, na kwa mara ya kwanza niliona kitu nilichokuwa nikikitazama maisha yangu yote. Kila mteja alibonyeza maparachichi kumi ili achukue mawili. Kufikia saa saba, yale yaliyobonyezwa sana yalikuwa na madoa meusi chini ya ganda, na mama akayauza kwa bei ya kutupa. Nilimsimulia habari za yule muuza matikiti. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapa ukimzuia mtu kugusa, atasema unamfichia mabovu."

Alisema kweli. Yule muuza matikiti wa Lyon huaminiwa kwa sababu mteja akipata tikiti bovu leo, atamkuta palepale kesho asubuhi. Lakini mama naye hukaa palepale kila gulio, kwa miaka mingi, na niliona kwamba imani hiyo anayo tayari, ila hajawahi kuitumia. Basi tukayagawa maparachichi katika mabeseni matatu: ya leo, ya kesho kutwa na ya wiki ijayo, na moja tukalipasua na kuliacha wazi ili watu waonje. Wengi waliendelea kubonyeza kama kawaida, na mama hakumkataza yeyote.

Jumatano iliyofuata alikuja dada mmoja kutoka Usa River, aliyekuwa amenunua Jumamosi. Alisimama mbele ya mabeseni, mikono yote miwili ikiwa imeshika kikapu.

"Shikamoo, mama. Nichagulie matatu ya leo na mawili ya Ijumaa."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, akainama kwenye beseni la kwanza.