Kwa Mtume Tomaso, Chennai

Watanzania wengi tunaijua Chennai, India, kwa sababu ya hospitali, na sisi ndizo zilizotupeleka. Baba mdogo alishatibiwa moyo, tukawa tunasubiri daktari amruhusu kupanda ndege. Jumapili akaniambia, "Tumefika mpaka huku, tuondoke bila kumzuru Tomaso?"

Bajaji ikatushusha Santhome, karibu kabisa na bahari. Kanisa ni jeupe, la mnara mrefu, lililojengwa upya miaka ya 1890 mahali pa lile la Wareno. Kaburi liko chini. Sanamu ya mtume imelazwa nyuma ya kioo, na mbele yetu mama wa Kihindu, sari yake ya kijani na alama nyekundu kipajini, alikuwa ameinama anaomba kwa muda mrefu. Mifupa mingi haipo tena: ilihamishiwa mji wa Edessa zamani sana, ikafika kisiwa cha Chios, na mwaka 1258 ikapelekwa Ortona, Italia. Kimebaki kipande kidogo tu, lakini watu hawakatiki.

Kwetu ukiitwa Tomaso umetaniwa: huamini mpaka uone. Kule ni baba wa imani. Mapokeo yao yanasema alitua Malabar, pwani ya kusini-magharibi mwa India, mwaka 52, akauawa kwa mkuki hapo Chennai mwaka 72. Mimi naona tunamwonea. Si ndiye yule wa Yohana 11, aliyewahimiza wenzake waende wakafe pamoja na Yesu?

Kisha tukaenda kwenye mlima panaposemwa aliuawa. Mgonjwa wangu alipanda kwa bajaji kupitia barabara ya nyuma. Mimi nikapanda ngazi, nikipita vituo vya Njia ya Msalaba huku jasho likinitoka. Juu ya altare kuna msalaba wa jiwe ambao Wareno waliufukua mwaka 1547. Ncha zake zimechongwa kama maua, njiwa anashuka juu yake, na pembeni yamezunguka maandishi ya Kipahlavi, ya Uajemi ya kale. Inasimuliwa kwamba kati ya 1558 na 1704 ulitoka jasho la damu mara kadhaa.

Tukapumzika kivulini tukitazama ndege zikitua. Nikamsimulia kisa cha Matendo ya Tomaso, kitabu cha kale kisichomo katika Biblia: mfalme Gundaphorus alimpa mtume fedha za kumjengea kasri, yeye akazigawa kwa maskini, akasema kasri liko mbinguni. Baba mdogo, fundi mwashi tangu ujana, akacheka mpaka akashika kifua.

"Ningejaribu hivyo kwa tajiri wangu Tanga, ningelala polisi!"