Kisahani Juu ya Barua

Mkenya akiwa na kijana mwanariadha hapa Minnesota, watu hawamuulizi anacheza nini. Wanauliza anakimbia maili ngapi. Wangu hakimbii. Ni mtoto wa watu wa Mombasa, amerithi mabega ya babu yake aliyekuwa kuli bandarini, naye anarusha kisahani.

Jumamosi moja ya Aprili 2024 kisahani hicho kilikuwa mezani jikoni, kimekandamiza barua tatu za vyuo. Kilikuwa cha kilo mbili, cha wanaume. Cha shule ya sekondari ni kilo 1.6, lakini yeye alikuwa ameanza kujizoeza na kizito tangu majira ya baridi, akikwangua theluji kwa sepetu mpaka saruji ya duara ionekane. Ukingo wake wa chuma ulikuwa umechubuka. Nilikuwa nikiupitisha kidole huku napiga hesabu.

Miezi mitano yote nilikuwa naishi kwa neno moja: skolashipu. Kwetu ukisikia mtoto wa fulani kapata skolashipu Amerika, ujue mzazi wake kapumua. Kocha wa chuo kimoja kikubwa cha jimbo la jirani, daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Amerika, alikuwa akimpigia kijana kila wiki. Siku alipotaja kiasi nilimwomba arudie. Asilimia 30. Akanieleza kwa upole kwamba kwa sheria ya wakati ule timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na nafasi 12.6 za ufadhili, na hizo aliwagawia warushaji, warukaji na wakimbiaji, wote. Nilicheka. Huyo nukta sita ni mtu gani, ana miguu mingapi? Kwenye mpira wa kikapu wa daraja hilo hawakuwa wakikatakata hivyo. Mtu alipewa yote au akakosa. Lakini nani anajaza uwanja kutazama kisahani?

Basi hesabu ikawa hivi. Chuo cha kocha, kwa mtu wa jimbo jingine, dola 52,000 kwa mwaka. Toa 15,600, unabaki na 36,400. Chuo kikuu cha jimbo letu kilimkaribisha kwenye timu bila senti: 31,000. Barua ya tatu ilitoka chuo kidogo cha binafsi, daraja la tatu, ambako sheria hairuhusu kabisa kumpa mtu pesa kwa ajili ya mchezo. Gharama yake 68,000. Karibu niitupe kabla sijamaliza kuisoma. Chini kabisa wakaandika kwamba kwa alama zake za darasani na hali ya nyumbani wanampa 38,000. Waliokataza kulipia kisahani ndio waliokuwa rahisi kuliko wote.

Lakini 30,000 nayo tungeitoa wapi? Mimi ni fundi wa mabasi, mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Tuko pale katikati: kwa ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wasio na uwezo, sisi matajiri, kwa ada sisi maskini. Fomu ya FAFSA, ile ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, ambayo mwaka ule ilifunguliwa mwishoni mwa Desemba badala ya Oktoba, ilishasoma marejesho yetu ya kodi na kutoa namba yake, kipimo cha uwezo wa familia kulipa: 29,000. Fomu ile inahesabu watu unaoishi nao na kuwalisha. Mama yangu anaishi Likoni. Hayumo. Watoto wa marehemu dada yangu ninaowalipia shule, hawamo.

Mke wangu alikuwa amevaa sare tayari kwenda kazini.

"Baba watoto, zile risiti za kutuma pesa unazo?"

"Zipo kwenye simu. Za nini?"

"Zichapishe. Ofisi ya misaada ya chuo ina ruhusa ya kutazama upya hali ya familia. Wenzangu wodini wameandika wakasikilizwa."

Nikazichapisha zote za 2023. Kijana akawa anazisoma kwa sauti. Januari 350. Februari 350. Machi 1,200.

"Machi kulikuwa na nini, Baba?"

"Nyanya yako alilazwa."

"Mbona hamkuniambia?"

Ulikuwa msimu wa mashindano, na hatukutaka kumvuruga. Hilo sikulisema. Alijumlisha mpaka Desemba: dola 7,640. Akaitazama ile namba, akainua kisahani, akaziweka risiti pamoja na barua, akakirudisha juu taratibu kama mtu anayefunika sufuria.

Tuliandika barua mbili. Chuo cha kocha kilijibu kwamba kwa upande wao hakuna cha kuongeza. Kile kidogo kilinyamaza siku kumi na mbili, kisha kikaongeza 3,500.

Kijana mwenyewe ndiye aliyempigia kocha. Alisimama karibu na friji, katupa mgongo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mabembelezo, labda asilimia 30 ingekuwa 40. "Naelewa, kocha. Asante." Dakika mbili hazikutimia, baada ya miezi mitano ya simu za kila wiki. Akafungua friji, akaitazama, akaifunga bila kutoa kitu.

Usiku ule tukalipa dola 300 za kushika nafasi kwenye kile chuo kidogo. Atakopa 5,500, kiwango cha juu cha mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na zilizobaki tutalipa mwezi kwa mwezi. Mama yake ameongeza zamu.

Asubuhi mdogo wangu akapiga kutoka Likoni.

"Hongera, kaka! Mtaa mzima unasema kijana kapata skolashipu ya kurusha sahani!"

"Si ya sahani. Ni ya masomo, tena si yote."

"Yote skolashipu." Kisha akashusha sauti. "Basi sasa umepumua kidogo. Lile paa la mama, na masika ndiyo haya..."

Kijana alikuwa mbele yangu anakunywa chai, anasikia kila neno. Akanisogezea kalamu.

"Mabati mangapi?" nikauliza.