Jinsi tulivyourudisha mfongo wetu katikati ya kuta mpya

Mfongo wetu, yaani mfereji wa asili wa kuleta maji mashambani, haukufa kwa siku moja. Kwanza bei ya kahawa iliporomoka, watu wakaacha kumwagilia mibuni na wengine wakaing'oa kabisa. Kisha maji ya bomba yakafika, na yule ambaye hakuwa tena na kahawa hakuona sababu ya kupanda juu kuzoa matope. Vijana wenye nguvu ya kuzibua walikuwa wameshahamia Arusha na Dar es Salaam. Mwisho zikaja nyumba. Huku kwetu upande wa Marangu, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, cha babu mmoja kiligawanywa kwa wana, wana wakawagawia wajukuu, na sasa vipande vilivyobaki vinatosha kujengea tu: nyumba ya vigae, ukuta wa mawe, geti, na uwanja uliosakafiwa kwa ajili ya magari ya Desemba. Kando ya barabara ya kwenda lango la hifadhi, nyumba za kulala wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro nazo zinaongezeka. Kila aliyejenga alikuta mtaro mkavu, akaufukia kwa kifusi. Aliyezaliwa na kukulia mjini angejuaje kwamba ule mtaro ulikuwa wa watu wote wa pale?

Kwa msomaji asiyetoka huku: mfongo ni mfereji wa udongo unaochukua maji mtoni, juu karibu na msitu, ukayazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba. Wachaga wamechimba mamia ya mifereji hii tangu kabla ya ukoloni, na Wazungu waliopita hapa karne ya 19 waliandika habari zake kwa mshangao. Aliyeipima hakuwa na kifaa chochote. Alitazama maji yanavyokwenda, akachimba kuyafuata. Mahali pengine kuna nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili asubuhi yawe na nguvu ya kufika mbali.

Mimi nimeolewa hapa, na mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nina migomba, ng'ombe wa ndani, na mibuni ya aina mpya ninayoipenda sana. Miaka ambayo vuli haikueleweka, migomba ilianza kutoa mikungu myembamba, na bomba wakati wa kiangazi huja kwa mgao. Huwezi kumwagilia kihamba kwa ndoo. Ndipo nikaanza kuwauliza wazee njia ya zamani ya maji.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuutafuta mfongo wenyewe. Nilitembea na wazee wawili waliowahi kuusimamia, na mjukuu wangu mwenye simu akaweka alama kila tulipopita. Mahali ulipofukiwa, wazee waliutambua kwa safu ya masale (isale ni mmea tunaoupanda mipakani), kwa miti mikubwa iliyokuwa imenyooka mstari mmoja, au kwa mgomba mmoja uliostawi kuliko wenzake. Ile ramani ya simu ilitusaidia kuliko hotuba yoyote. Mwenye nyumba akiona mstari unatoka mtoni, unapita kwake na kuendelea kwa jirani, haoni tena kwamba anaonewa yeye peke yake.

Ngumu zaidi ilikuwa watu. Zamani mfongo ni mambo ya wanaume: wao walichimba, wao walikaa kikao, na mwanamke hakutakiwa hata kusogelea banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Leo wanaobaki vijijini, wanaolisha ng'ombe na kumwagilia mboga, wengi ni wanawake. Niliposimama kwenye kikao mzee mmoja aliuliza, kwa upole lakini kwa uzito, tangu lini mfongo ukaongozwa na mama. Nikamjibu kwa heshima ya Kichaga kwa mzee, "Meku, uongozi ni wenu. Mimi naomba kuandika tu." Nikapewa daftari. Mwenye daftari ndiye anayejua nani amechanga, nani ana zamu, nani hakuja kuzibua, na taratibu daftari likawa ndilo linalotumika kuamua mambo. Sasa wanawake tuko wengi kwenye kamati na hakuna anayeuliza tena.

Wenye nyumba za ukuta tuliwangoja Desemba. Kila aliye mbali hurudi nyumbani Krismasi, na mtu aliyekaa na ndugu zake huwa na moyo mwepesi kuliko akipigiwa simu ofisini. Tulikwenda na mzee wa ukoo, tukabeba jani la isale. Kwa Mchaga, anayekuletea isale amekuja kwa amani na unyenyekevu, na kumkatalia ni jambo zito. Hatukumwambia mtu abomoe. Tulisema hivi: "Baba, tunaomba maji yapite chini ya uwanja wako, na bomba tutalinunua sisi." Wengi walikubali palepale, na wengine wakachangia zaidi ya tulichoomba. Mwenye nyumba moja ya wageni alikataa. Alihofia kwamba tutamletea matope mbele ya wateja, na hofu yake ilikuwa ya haki. Tulichimba chemba ya kuchujia juu ya eneo lake, akaona maji yanavyotoka masafi, akaruhusu.

Hapo ukazuka mjadala ambao hadi leo naona ni wa maana: tuweke bomba njia nzima, au tuache udongo? Vijana walitaka bomba lote, kwa sababu mfereji wa udongo hupoteza maji mengi njiani. Wazee walisema yale yanayopotea ndiyo yanayonywesha miti na kurudi kwenye chemchemi za chini. Mimi nilisimama na wazee. Tulikubaliana bomba liwe chini ya nyumba, barabara na mahali panapobomoka, kwingine kote udongo ubaki, na kingo tuzipande majani ya ng'ombe ili zishike. Majani hayo mwenye kingo anakata mwenyewe, kwa hiyo anazilinda.

Karatasi nazo tulizifuata. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji mtoni awe na kibali, na kwetu kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Tulijiandikisha kama kikundi, tukapeleka ramani yetu pamoja na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Banio liko karibu na mpaka wa hifadhi, na tangu msitu uunganishwe na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005 hatuwezi kwenda kukata miti ya kuzuia maji kama zamani. Tunawajulisha askari kabla ya siku ya kuzibua, na tunatumia mawe na viroba vya mchanga. Wapo wanaonung'unika. Mimi najua kwamba maji ya mito yetu kwa sehemu kubwa yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na ule msitu, wala si barafu ya kilele cha Kibo ambayo kila mtu anaililia. Barafu ikiisha tutaumia moyo. Msitu ukiisha, mto wenyewe utakauka.

Maji yalipofika kwangu hayakuwa mengi. Zamu yangu ni nusu siku kwa wiki, na kiangazi kikali hupungua. Lakini mikungu imenenepa, na jirani yangu ameanza bustani ya mboga anazouza kwenye hizo hizo nyumba za wageni. Kipande cha chini kabisa bado hakijafikiwa, kwa sababu mrithi mmoja yuko nje ya nchi na ndugu zake hawataki kuamua bila yeye.

Sasa tunashughulikia wanaokuja kujenga, maana viwanja bado vinagawanywa na hakuna atakayezuia watoto kujenga kwao. Tumeiomba serikali ya kijiji iweke sheria ndogo: kabla ya kuchimba msingi, mwenye kiwanja aonyeshwe mfongo unapopita na aache nafasi ya mtu kutembea na jembe kando yake. Rasimu imesomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa, inasubiri halmashauri ya wilaya. Wakati tunangoja, mwenyekiti wa kitongoji ana nakala ya ramani, na akisikia lori la mawe linapanda, hunipigia simu.