Utshwala, leo Eshowe

Leo mchana, Eshowe, mji wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ndani ya nyumba ya nyasi ya duara. Mlango mfupi, lazima uiname. Wanaume kulia, wanawake kushoto.

Utshwala, pombe ya mtama ya Wazulu, ilikuwa tayari.

Kimea ndicho roho yake. Mtama huloweshwa, hufunikwa uchipue, hukaushwa juani, husagwa. Uji wa mahindi ukishapoa kuwa vuguvugu, ndipo kimea kinaingia. Hapo ndipo wengi huharibu: uji ukiwa wa moto sana, kimea hufa, pombe haiumuki. Ukiwa sawa, siku 2 au 3 zinatosha.

Chujio lake ni isivovo, mfuko mrefu wa nyasi. Ni kama kifumbu cha nazi, ila mrefu zaidi!

Chungu ni ukhamba, cheusi kwa sababu huchomwa mara ya pili kwenye moshi. Juu yake imbenge, kawa ndogo iliyosukwa.

Kisha mama aliyeipika akaengua povu, akalimwaga chini kwa ajili ya wahenga. Akanywa yeye kwanza, mbele ya wote, kuonyesha haina sumu. Nyumba nzima kimya. Kimya kile bado kinanikaa.

Na ni Eshowe hii hii Waingereza walizingirwa na Wazulu hadi Aprili 3, 1879, na hapa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, alifariki mwaka 1884.

Wenzangu, kwenu pombe ya mtama huchujwa kwa kifaa gani? Na nani hunywa wa kwanza?