Siku moja maishani mwangu: mnunuzi wa maboksi chakavu, Vingunguti

Saa 11 alfajiri

Maboksi ya Kariakoo hayasubiri mtu. Mizigo hufunguliwa usiku na alfajiri, na kabla hakujapambazuka vizuri, pembeni mwa Mtaa wa Kongo kumejaa maboksi yaliyokwisha kutolewa viatu, sahani na simu. Vijana wanaoniletea mzigo kwa maguta wako huko tayari. Anayechelewa anakuta mtu ameshafagilia maji juu ya maboksi au amemwaga mabaki ya supu, na boksi lililolowa halina faida kwangu wala kwa kiwanda.

Ukitaja kiwanda cha karatasi, watu wengi huona magogo. Si uongo: kule Mgololo, Mufindi, hupikwa misonobari ya shamba la Sao Hill. Lakini dunia inatengeneza karibu tani milioni 400 za karatasi na bodi kila mwaka, na takriban nusu ya malighafi yake ni karatasi iliyokwisha kutumika. Mtu fulani aliiokota, akaitenga na mchanga, akaiweka pakavu. Ndiyo kazi yetu.

Saa 1 asubuhi

Mzani unaanza. Mama mmoja wa Buguruni hufika mapema kuliko wote, mzigo kichwani, mjukuu nyuma na mzigo mwingine mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya makavu, nimeyalaza ndani."

Ameyalaza ndani, yaani chumba anacholala yeye na wajukuu. Simfungulii mzigo, namwamini. Wengine nawafungulia mpaka katikati, maana ndiko maji humwagwa ili kilo ziongezeke. Siwatukani. Bei ikiwa ni ya kilo tu, maji nayo yanakuwa mali. Kwa hiyo nina bei mbili, ya mzigo mkavu na ya mzigo wenye unyevu, na tofauti yake nimeifanya kubwa kwa makusudi.

Saa 2 mpaka saa 6

Hapa ndipo siku yangu ilipo. Tunachambua.

Boksi la kawaida lina karatasi tatu: mbili bapa, na katikati moja iliyokunjwa mawimbi, zote zimeshikwa kwa gundi ya wanga. Kwa macho maboksi yote ni kaki. Mkono ndio unaojua. Chukua boksi la tufaha za Afrika Kusini ulipasue: linakubishia, mpasuko unakwenda upande, na ukingoni zinabaki nyuzi ndefu zimesimama kama manyoya. Boksi hilo limetengenezwa likae kwenye chumba cha baridi, kwenye unyevunyevu, bila kulegea, na kwa kazi hiyo mtengenezaji anahitaji nyuzi mpya za msonobari. Sasa pasua boksi la viatu vya bei ya chini. Linakatika mara moja, ukingo wake mfupi na wa kijivujivu. Nyuzi zake zimeshazunguka viwandani mara nyingi.

Uzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi. Wa mkaratusi, milimita 1. Kila karatasi inaporudi majini, ikasagwa na kukaushwa upya, nyuzi zinakatika na kukakamaa, hazishikani tena kama mwanzo. Baada ya mizunguko mitano mpaka saba huwa fupi mno, zinapita kwenye chujio na kuondoka na maji machafu. Ndiyo maana dunia haiwezi kuishi kwa maboksi ya zamani peke yake. Lazima nyuzi mpya ziingie mahali fulani. Sisi hapa Dar hatupandi msonobari, lakini nyuzi zake zinatufikia zikiwa zimebeba tufaha. Kuchanganya boksi kama hilo na takataka ni hasara ninayoihisi kifuani, na vijana wangu wamelizoea neno langu: la matunda weka peke yake.

Lakini si kila boksi zuri kwa macho linafaa. Maboksi ya samaki yaliyopakwa nta tunayatoa. Vikombe vya karatasi vya kahawa tunavitoa, ndani vina plastiki. Mifuko ya saruji ina nyuzi nzuri sana, lakini vumbi lake ni balaa. Solotepu inabanduliwa, pini zinang'olewa zile zinazong'oleka.

Karatasi nyeupe za ofisini na madaftari zinakwenda rundo lao. Hizo ni za viwanda vya tishu: wino hutolewa kwa sabuni na mapovu ya hewa, mapovu yanapanda na wino juu, unakwanguliwa. Kwenye rundo hilo ninashindana na wauza karanga, wanaozikunja kurasa za madaftari kuwa vipakiti. Siwaonei kinyongo. Kinachoniuma ni pale ninapokuta majibu ya vipimo vya mgonjwa, jina lake limeandikwa wazi. Karatasi za namna hiyo zinapasuliwa vipande mbele yangu kabla ya kuingia kwenye rundo, kwa sababu mtu hakwenda hospitali ili ugonjwa wake ukafungie karanga kituo cha daladala.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, kivulini.

Saa 8

Mashine inakandamiza maboksi, waya unafungwa, linatoka beli, yaani robota kubwa lililobanwa. Wingu likionekana upande wa bahari, kazi zote zinasimama, kila mtu anakimbilia turubai. Fuso ikishapakiwa tunaelekea kiwandani.

Saa 9 alasiri

Mpokeaji wa kiwanda anachoma beli kwa kipimo chenye ncha mbili za chuma. Wanakubali unyevu wa asilimia 12. Ukizidi hapo, wanakata uzito. Leo beli moja limesoma 15. Nimelikubali kato, lakini nimeomba apime na upande wa pili, akapima, likasoma 11. Tumekutana katikati. Kila mwenye mzigo ana haki ya kuomba hivyo, na nawaambia wenzangu wasione haya.

Nikipata nafasi husogea karibu na pipa la kurojesha. Ni pipa kubwa lenye panga zinazozunguka chini: beli linadondoka na maji, na kwa dakika chache boksi lenye maandishi ya Kichina, la tufaha na la sabuni vinakuwa rojo moja la kahawia. Machujio yanatoa pini, plastiki na kokoto. Rojo linaongezwa maji mpaka karibu lote ni maji, linamwagwa juu ya wavu unaokimbia, linakamuliwa na kupitishwa kwenye mitungi ya chuma yenye mvuke. Nishati nyingi ya kiwanda huishia hapo, kwenye kukausha.

Saa 11 jioni

Simu za bei. Hadi 2017 China ilikuwa ikinunua nje zaidi ya tani milioni 25 za karatasi chakavu kwa mwaka. Mwaka 2018 ikasema uchafu usizidi asilimia 0.5, na kuanzia 2021 ikafunga mlango. Shehena za Ulaya na Marekani zikatafuta pa kwenda: India, Vietnam, Indonesia. Bei ikayumba dunia nzima. Na tangu hapo maboksi ya bidhaa za China yanayofika Kariakoo nayaona dhaifu zaidi mkononi; nadhani zile nyuzi ndefu za maboksi ya Marekani hawazipati kama zamani.

Saa 12 jioni

Nalipa. Mama wa Buguruni amepata bei ya mkavu kwa mzigo wote. Vijana wa maguta wamelipwa kwa gredi, na aliyetenga maboksi ya matunda kule kule sokoni amepata nyongeza yake. Kuanzia wiki ijayo nyongeza hiyo naipandisha, kwa sababu msimu wa mvua unakaribia na boksi likishapatana na tope la Mto Msimbazi, hakuna wa kulinunua.