Pua Iliyozoea

Jumapili usiku

Mdogo wangu alikuja kututembelea Ijumaa. Miaka minne ilikuwa imepita hajafika hapa. Hata begi hajalitua akauliza, "Dada, kuna nini kimeoza huku?" Nikavuta pumzi, nikaitafuta hiyo harufu, sikuipata. Nikamwambia huenda ni mtaro. Akaenda dirishani, akafungua, akafunga upesi, akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye bado hajajua kuwa anaumwa.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Dampo la taka za viwandani lililo nyuma ya nyumba zetu nalijua, naliona kila nikianika nguo. Kilichonikosesha usingizi ni pua yangu. Nimeishi hapa miaka tisa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafunga madirisha kila jioni upepo ukigeuka, na barua za malalamiko naandika kwa mkono wangu. Sikumbuki ni lini niliacha. Hakuna siku niliyokaa chini nikaamua kwamba sasa basi.

Gesi inayonuka kama yai viza, haidrojeni salfaidi, binadamu huinusa hata ikiwa chembe chache mno hewani. Ikipanda ikafika sehemu 100 hivi kwa kila milioni, huipooza hisia yenyewe ya kunusa, na mtu hudhani hatari imepita kumbe ndiyo inaingia. Hapa kwetu hatujafika huko, na sitaki kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Kwetu ni mazoea: pua ikiletewa kitu kilekile kila siku huacha kutoa taarifa. Lakini ndani ya mazoea hayo ndimo mpango wa upanuzi wa dampo ulimotukuta.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya lango la kampuni ya dampo miezi miwili iliyopita. Karatasi moja, ndani ya mfuko wa plastiki ulioingia maji, mpaka mstari wa mwisho, ule wenye tarehe ya kupeleka maoni, wino wake ukawa umesambaa. Jirani mmoja alikuwa ameupiga picha mapema. Kama si yeye, tungelijua jambo hili siku ya kuona malori.

Wanaomba mambo mawili. La kwanza ni shimo jipya upande wa mashariki, ndio upande wa nyumba. Nilihesabu kwa miguu kutoka kigingi chao chekundu hadi ukuta wa nyumba ya mwisho: hatua 214. La pili ni kuongeza kimo cha lundo la zamani, yaani kupandisha taka mpya juu ya taka zilizokwisha kufunikwa. Hilo limepewa sentensi moja tu katika ripoti nzima ya athari kwa mazingira, na ndilo linalonitisha zaidi. Chini ya lundo lile kuna mabomba ya kukusanya maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka, na chini ya mabomba kuna tandiko la plastiki nzito. Vyote viliwekwa kwa kukadiria uzito wa wakati ule. Ukiongeza mzigo juu, lundo hubonyea, tena halibonyei sawasawa. Upande mmoja hushuka kuliko mwingine, bomba likapinda au likabanwa, maji yakatuama pasipo na njia. Na nani atashuka kukagua? Hakuna awezaye kulifikia bomba lile bila kufukua kila kilicho juu yake.

Mkutano wa maoni ulifanyika Jumatano. Mtaalamu aliyeandaa tathmini ya athari kwa mazingira ni mtu mpole, na alizungumza nasi kwa adabu. Alitundika ramani ukutani. Dampo limepakwa rangi ya kahawia, barabara nyeusi, mto buluu. Sisi tulikuwa vidoto, na pembeni, kwenye maelezo ya alama, kidoto kimeandikwa "kipokezi nyeti". Nikanyoosha mkono nikauliza tunapokea nini. Akanijibu kwamba ni neno la kitaalamu, maana yake mahali ambapo athari za kelele, vumbi na harufu hukadiriwa. Nikakaa. Kidoto changu ni cha tatu kutoka juu. Ndani yake kuna watoto wangu wawili, na mama mkwe wangu anayelala dirisha likiwa wazi kwa sababu ya kifua.

Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikiligeuzageuza kichwani siku nne sasa. Alisema eneo hili tayari lina matumizi ya aina hiyo, kwa hiyo athari ya nyongeza itakuwa ndogo ikilinganishwa na hali iliyopo.

Hali iliyopo ni sisi. Mzigo wa kwanza tuliobebeshwa umekuwa ushahidi kwamba wa pili tutauweza. Wangeleta dampo hili mahali ambapo halijawahi kuwapo, wangelazimika kueleza kwa nini hapo na si kwingine. Kwa kuwa letu lipo, swali la kwa nini hapa haliulizwi tena, linaulizwa la kiasi gani. Harufu aliyoifungia dirisha mdogo wangu imeandikwa kwenye ripoti kuwa ndiyo hewa ya kawaida, na vipimo vyote vinaanzia hapo kwenda juu. Wamefanya kwenye karatasi kile ambacho pua yangu ilinifanyia mimi.

Nimesoma mengi wiki hii, nikikesha na simu. Mwaka 1982, katika kaunti ya Warren, jimbo la North Carolina nchini Marekani, serikali ya jimbo iliamua kuzika udongo wenye sumu ya PCB, kemikali za viwandani. Sumu hiyo ilikuwa kwenye mafuta yaliyomwagwa kinyemela kandokando ya barabara mwaka 1978. Wakazi, wengi wao watu weusi wenye kipato kidogo, walilala barabarani mbele ya malori. Zaidi ya watu 500 walikamatwa, na dampo likajengwa. Mwaka uliofuata wakaguzi wa bunge la Marekani walichunguza madampo manne ya taka hatari katika majimbo manane ya kusini-mashariki, wakakuta matatu yako penye watu weusi wengi. Udongo ule wa Warren ulikuja kufukuliwa na kusafishwa, lakini ni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikisoma hivyo nafikiria ile miaka ishirini ya katikati, na watoto waliokua humo.

Karibu zaidi kuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaletea wakazi madini ya risasi ndani ya damu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho, na mwanawe mchanga ndiye aliyepimwa akakutwa na sumu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi haki mwaka 2020, rufaa ikawanyang'anya, na Mahakama ya Juu ikawarudishia mwishoni mwa 2024. Miaka kumi baada ya moto wa tanuru kuzimwa! Nawaheshimu sana watu wale, ila sitaki ushahidi wetu uje kutoka kwenye mishipa ya wanangu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana nataka tuseme sasa, kabla buldoza halijagusa kigingi.

Na buldoza hilo anaendesha jirani yangu. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Baada ya mkutano alinisubiri nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hizi taka mnataka ziende wapi? Rangi ya ukuta wako, betri ya simu yako, vyote vimeacha tope mahali." Sikumjibu papo hapo. Ana haki ya kuuliza, na watoto wake wanasoma kwa mshahara wa pale. Mtu akikwambia kwamba sisi tunaopinga hatuna jibu kwa swali lile, usimdharau.

Jibu langu, nililompelekea jana ukutani, ni kwamba sijasema zisiende popote. Kiwanda kinachotoa tope kinaweza kulikamua maji, kikachuja madini yake na kuyatumia tena, kikatuma lori moja badala ya matatu. Hilo hugharimu, na maadamu shimo lipo na ni rahisi, hakuna atakayeingia gharama hiyo. Shimo jipya linafuta sababu ya kupunguza. Halafu, kabla ya kuomba la pili, watuonyeshe walivyolitunza la kwanza.

Hapo ndipo penye visima. Kuzunguka dampo kuna visima vinne vya uchunguzi, mabomba membamba yenye vifuniko vya chuma na kufuli, ambamo huchotwa maji ya chini ya ardhi ili yapimwe. Kisima kimoja kiko juu ya mteremko, maji yanakotoka kabla ya kupita chini ya taka. Vitatu viko chini, yanakoelekea, na huko ndiko tuliko. Maana nzima ya kuwa na visima pande mbili ni kulinganisha: maji yaliingiaje, yametokaje. Ripoti imeweka namba moja tu kwa kila madini, wastani wa visima vyote vinne. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikidhani nimekosea. Ukichanganya maji ya juu na ya chini ukayagawa kwa nne, umeifuta tofauti uliyochimbia visima kuitafuta. Kisima kimoja kinaweza kuwa kibaya sana na wastani ukapita. Hatukatai vipimo vyao. Tunaomba namba nne mahali pa moja, kwa kila mwaka tangu dampo lifunguliwe. Mwanamke wa nyumba ya pili, aliyewahi kufanya kazi maabara, ndiye aliyeniandikia ombi hilo kwa lugha ambayo hawawezi kujifanya hawakuielewa.

Wanasema shimo jipya litakuwa na tandiko la kisasa, udongo mfinyanzi ulioshindiliwa na plastiki juu yake. Naamini watalijenga vizuri. Lakini kanuni za Marekani kwa madampo ya taka hatari, ambazo ni kali, zinataka udongo wa chini uwe wa kupitisha maji polepole mno, kiasi cha sentimita 3 hivi kwa mwaka. Hata wao hawakuandika sifuri. Udongo na plastiki huchelewesha. Kanuni hizo huhesabu pia miaka 30 ya uangalizi baada ya dampo kufungwa, na za Ulaya zinataka fedha za matunzo zitengwe kwa miaka isiyopungua 30. Kadimiamu, madini yenye sumu kama risasi, haiozi, na risasi haiozi. Miaka hiyo ikiisha zitakuwa zilezile, chini ya plastiki iliyozeeka, na kampuni iliyosaini huenda haipo tena. Mwanangu mdogo ana miaka sita. Dampo hilo likijaa na kufungwa, miaka 30 ikapita, atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kufuli za visima vile atakuwa ameshika nani?

Tumezunguka nyumba kwa nyumba siku tatu. Barua 61 za pingamizi zimesainiwa, zingine kwa dole gumba. Wako waliokataa, na wapo walioniambia kwa upole kwamba hata zilizopita hazikusomwa. Jirani yangu wa buldoza hakusaini, nami sikumwomba. Mkewe alitoka na karatasi ikiwa mkononi mwake, umeme ulikuwa umekatika, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mumewe akasimama nyuma yake akimshikia tochi mpaka alipomaliza jina la mwisho.

Kesho asubuhi nazipeleka mwenyewe, na nitadai kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kabla hajaondoka, mdogo wangu alinifundisha jambo. Alisema pua hurudi ukiipumzisha. Kwa hiyo tangu juzi nikimaliza kazi za jioni napanda mpaka ng'ambo ya kilima, ambako upepo hautokei kwao, nakaa robo saa, kisha narudi na kusimama langoni kwangu. Pumzi ya kwanza ndiyo naiandika. Nimetundika daftari kwenye msumari nyuma ya mlango, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Saa, upande wa upepo, harufu ya nini, ilikaa muda gani. Majirani sita wameanza la kwao.

Ya leo inasema hivi. Saa mbili na dakika arobaini usiku. Upepo kutoka magharibi, hafifu. Yai viza, na chini yake kitu kama mpira unaoungua. Kali. Mama mkwe anakohoa. Nimemfungia dirisha.