Ndoo ya lita 20 na mtoto anayeanza kutembea

Mwanza ziwa linaonekana karibu kila upande, na wazazi wengi tunamkataza mtoto kwenda ufukweni asije akazama. Ni sawa. Ila mtoto wa miezi 8 hadi miaka 3 hafiki ziwani peke yake. Anafika uani, kwenye ndoo. Na kwa nyumba za mlimani, siku maji yakitoka, kila chombo hujazwa.

Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito na mikono isiyo na nguvu ya kujiinua. Ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu ina kilo 10, karibu sawa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, kwa hiyo akitumbukia kichwa, haipinduki. Maji ya sentimita 5 tu yanaziba pua na mdomo. Wala hutasikia kelele, maana hana pumzi ya kulia.

Akiba ikae kwenye madumu yenye vizibo. Ndoo iwe na mfuniko wa kubana. Sinia lililowekwa juu halizuii kitu. Mfuniko wa pipa ufungwe kwa mpira wa tairi la baiskeli. Usiuwekee jiwe, litamwangukia.

Wakati mgumu ni saa 11 jioni hadi saa 1 usiku: mkaa unawaka, maji yanachemka, watoto wakubwa wamerudi kutoka shule, na kila mmoja anadhani mtoto yuko kwa mwenzake. Mwogeshe saa 10, kabla jiko halijawashwa, kwa maji ya moto yaliyohifadhiwa kwenye chupa ya chai. Tia maji baridi kwanza, kisha ya moto, upime kwa kiwiko. Beseni limwagwe kabla hujampaka mafuta. Ukimwachia dada au kaka yake mkubwa, sema wazi, "Mtoto yuko kwako," na usubiri aitikie.

Akitolewa majini hapumui, tafadhali msimning'inize kichwa chini wala kumbinya tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akitafuta bajaji. Hata akizinduka na kulia, apelekwe hospitali: maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana pumzi saa kadhaa baadaye.